siRNA Imeingia, Jeni Haijanyamaza: Kutafuta Kasoro Kutoka Kwenye Chupa Hadi Ndani ya Seli

Umetengeneza chembe nano, umezijaza siRNA, umezimimina juu ya seli na kusubiri siku mbili. Unapima, na jeni uliyotaka kuinyamazisha inaongea kama kawaida. Wengi hapo hukimbilia kubadili lipidi, au hupandisha dozi mara tano. Yote mawili ni kumbadilishia mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

siRNA ni kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kama jozi 21 za besi, uzito wake takriban gramu 13,300 kwa moli, na kimejaa chaji hasi. Chenyewe hakipenyi utando wa seli. Kikiwa kwenye damu kinakatwakatwa na vimeng'enya au kinachujwa na figo na kutoka. Ndiyo maana kinahitaji kibebeo. Safari ina vituo vingi: siRNA itoke nzima kwenye chupa, ifungiwe ndani ya chembe, chembe zisigandamane, ziingie kwenye seli, mzigo utoroke endosomu (kifuko ambamo seli huimezea chembe), upakiwe kwenye RISC (mashine ya protini inayokata), mRNA, yaani ujumbe wa jeni, ikatwe, kisha wewe uweze kuona kwamba imekatwa. Mnyororo ukikatika popote, matokeo ni yale yale: jeni haijazimika. Hivyo matokeo ya mwisho hayakuonyeshi kasoro ilipo. Inabidi upime kila kituo.

Mengi hapa chini yanahusu chembe za lipidi, kwa sababu ndizo zilizofika hospitalini. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, inayouzwa kwa jina la Onpattro, dawa ya kwanza ya siRNA kupata kibali. Chembe zake huenda kwenye ini na kuzima jeni ya transthyretin. Mchanganyiko wake unajulikana: katika kila moli 100 za lipidi, 50 ni DLin-MC3-DMA (wengi huiita MC3 tu), lipidi inayobadilika chaji kufuatana na pH, 10 ni DSPC, lipidi saidizi, 38.5 ni kolesteroli na 1.5 ni lipidi yenye mkia wa PEG, polima inayozuia chembe kugandamana. Kama una lipidi mpya ya kwako, tengeneza na huu wa MC3 pembeni, siku hiyo hiyo, kwa mashine hiyo hiyo. Bila kitu cha kulinganisha nacho hutajua kama umeshindwa wewe au imeshindwa lipidi.

Kwanza, visima vya kulinganisha

Sahani ya seli isiyo na vidhibiti haiwezi kutatua tatizo lolote. Weka seli zisizoguswa, chembe tupu, chembe zenye siRNA isiyolenga jeni yoyote, na chembe zenye siRNA inayojulikana kufanya kazi, kwa mfano ya jeni za PPIB au GAPDH, zinazopatikana karibu kila seli. Halafu weka kisima ambacho watu hukiona cha anasa: siRNA yako ile ile, ikiwa imebebwa na kitendanishi cha kununua unachokiamini kwa aina hiyo ya seli.

Kisima hicho kimoja kinaweza kukuokolea miezi. Kitendanishi kikizima jeni na chembe zako zisiizime, kasoro iko kwenye chembe. Vyote viwili vikishindwa, achana na chembe kwanza: ama mfuatano wa siRNA ni mbovu, ama imeharibika, ama kipimo chako ndicho kipofu.

Kwa jaribio la haraka wapo wanaotumia siRNA ya PLK1. Seli zinazogawanyika zikiikosa PLK1 hufa, na unaona kwa hadubini bila kungoja qPCR, kipimo cha wingi wa mRNA. Ni njia nzuri, ila sumu ya chembe nayo inaua. Kifo kina maana tu kama kisima cha siRNA isiyolenga kiko salama.

Chembe ni kubwa mno, au kila moja ina ukubwa wake

Chembe za lipidi zilizotengenezwa vizuri huwa na kipenyo cha kama nanomita 60 hadi 100, na kiashiria cha mtawanyiko wa ukubwa, PDI, kikiwa chini ya 0.2. Ukiona nanomita 180 na PDI ya 0.35, anza kwenye kuchanganya.

Lipidi huyeyushwa kwenye ethanoli, siRNA kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH) yenye pH ya 4 hivi. Vikikutana, lipidi inayobadilika chaji inapata chaji chanya na kuikamata RNA, huku maji yakiifukuza ethanoli na kuzilazimisha lipidi zijikusanye. Kasi ya kukutana ndiyo inayoamua ukubwa. Vikichanganyika polepole, chembe zinapata muda wa kunenepa. Kwenye kifaa chenye mifereji midogo, wengi hutumia sehemu 3 za bafa kwa 1 ya ethanoli, na mwendo wa jumla wa mililita 12 kwa dakika. Ukichanganya kwa pipeti na mkono wako, utapata chembe, ila za leo hazitafanana na za kesho.

Mwagia pembeni matone ya mwanzo na ya mwisho, kwa sababu hapo mwendo haujatulia. Kwenye mililita moja ya kazi, matone hayo machache yanatosha kuharibu PDI nzima. Kabla ya kuvuta sindano, inua chupa ya lipidi kwenye mwanga. Kolesteroli na DSPC hushuka ethanoli ikipoa, na myeyusho unaonekana kama una ukungu au vumbi. Ipashe moto kidogo mpaka iwe angavu. Mwenzako akiitoa chupa hiyo kwenye jokofu na kuitumia hapo hapo, uwiano wa lipidi zilizoingia si ule ulioandikwa kwenye daftari.

Kuna hali nyingine: ukubwa ni mzuri baada ya kuchanganya lakini unapanda baada ya dialisisi, yaani kuondoa ethanoli na kubadili bafa kwa mfuko wa utando. Kupanda kidogo ni kawaida. pH ikirudi 7.4, lipidi inapoteza chaji yake, chembe hazisukumani tena, na ndogondogo zinaungana. Ukubwa ukiongezeka maradufu, PEG ni haba au chembe zimekaa muda mrefu kwenye ethanoli nyingi. Zimua kwa bafa mara tu baada ya kuchanganya, kisha ndipo uanze dialisisi.

Halafu kuna ukubwa ambao haupo kabisa. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga hakihesabu chembe moja moja: mwanga unaotawanywa hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 6. Chembe yenye kipenyo mara kumi ya mwenzake hung'aa kuliko huyo mara milioni moja. Kwa hiyo punje chache za vumbi zinaweza kukudanganya kwamba umetengeneza chembe kubwa. Chuja bafa, safisha kijichupa, rudia. Na usipime kabla ya kuondoa ethanoli huku mashine ikiamini unapima maji. Mchanganyiko wenye robo ya ethanoli una mnato karibu maradufu ya maji, na mashine itaandika kipenyo kikubwa kuliko cha kweli. Nimeona watu wakitupa chembe nzima nzima kwa kosa hili.

Kwa chembe za polima zenye chaji chanya, kama PEI na kitosani, adui ni chumvi. Chembe hizo hushikiliwa mbalimbali na chaji tu. Zikiingia kwenye kimiminika cha seli chumvi inaifunika chaji na zinagandamana ndani ya dakika. Pima ukubwa ndani ya kimiminika kile kile utakachotumia, badala ya kuishia kwenye maji safi ambamo zote huonekana nzuri.

RNA imebaki nje ya chembe

Kipimo cha kawaida ni RiboGreen, rangi inayong'aa ikishika RNA: unasoma mng'ao bila sabuni ya Triton X-100, unapata RNA iliyo nje, unasoma ukiwa umeweka Triton inayovunja chembe, unapata RNA yote. Tofauti ya viwili hivyo ukiigawa kwa jumla unapata asilimia iliyofungiwa. Chembe nzuri hupita 90.

Makosa hapa ni ya aina tatu. La kwanza ni mstari wa kulinganishia. Rangi haishiki RNA zote sawa, urefu na umbo vina athari, kwa hiyo mstari uchorwe kwa siRNA yako mwenyewe, si ile RNA ndefu inayokuja na kisanduku. Na uchore miwili, wenye Triton na usio na Triton, kwa sababu Triton nayo inagusa mng'ao. La pili ni polima: Triton haiwezi kuitoa RNA iliyokumbatiwa na PEI. Hapo unahitaji heparini, yenye chaji hasi nyingi zaidi, iisukume RNA itoke. Bila hiyo kipimo kitasema karibu hakuna RNA kabisa.

La tatu ndilo linalopita kimyakimya. Mtu anaandika "asilimia 95" na kufurahi. Umeuliza 95 ya nini? Ulianza na mikrogramu 100, na Triton inasoma 50. Nusu imebaki kwenye mfuko wa dialisisi, kwenye mirija, au kwenye kichujio cha mikromita 0.22 kilichokamata chembe kubwa. Asilimia 95 ni ya kilichosalia, na ukipiga hesabu ya dozi kwa kiasi ulichoanza nacho, seli zinapata nusu ya unachodhani. Andika kiasi kilichorudi kila mara, hata kama kinaaibisha.

Na usipime RNA iliyo ndani ya chembe kwa mwanga wa nanomita 260 moja kwa moja. Chembe zenyewe zinatawanya mwanga huo na mashine inauhesabu kama RNA.

Kufungiwa kukiwa hafifu kweli, pima pH ya mchanganyiko baada ya lipidi kukutana na bafa. Bafa nyepesi inaweza kushindwa kushikilia uasidi. pH ikiwa juu, lipidi haipati chaji na haina mkono wa kuikamata RNA.

Halafu rudi kwenye hesabu ya N/P, yaani moli za nitrojeni zenye kupata chaji kwa moli za fosfeti. Miligramu 1 ya siRNA ina karibu mikromoli 3 za fosfeti. Ukitaka N/P ya 6, unahitaji mikromoli 18 za lipidi inayobadilika chaji. MC3 ina uzito wa gramu 642 kwa moli, kwa hiyo ni miligramu 11.6 hivi. Ukitaka 3, gawanya kwa mbili. Kosa la kawaida la anayeanza ni kutumia moli za siRNA mahali pa moli za fosfeti. Molekuli moja ya siRNA ina fosfeti kama 40, hivyo kosa hilo linakupa lipidi pungufu mara arobaini. Hapo mashine hata ikiwa ya bei gani haitakusaidia.

Seli hazing'ai

Umeweka alama ya Cy5, rangi ing'aayo, kwenye siRNA na seli zimebaki giza. Swali la kwanza: ndani ya kimiminika kulikuwa na seramu?

Maelekezo ya vitendanishi vya zamani, vile vyenye lipidi za chaji chanya ya kudumu, yalisisitiza kuondoa seramu, na desturi hiyo imewafuata watu hadi kwenye chembe zisizoihitaji. Chembe za aina ya MC3 zina kawaida tofauti. Zikiwa kwenye damu zinavishwa protini iitwayo ApoE, na ApoE ndiyo inayotambuliwa na vipokezi vya LDL kwenye seli za ini. Ukiondoa seramu umeondoa tiketi yao. Rudisha seramu, au ongeza ApoE iliyotengenezwa maabara, kiasi cha mikrogramu 1 kwa mililita, na utazame kama mng'ao unapanda. Ukipanda, chembe zako hazikuwa na tatizo.

Swali la pili ni mkia wa PEG. Lipidi ya PEG yenye minyororo ya kaboni 14 hujichomoa kwenye chembe baada ya muda mfupi ndani ya seramu na kuacha uso wazi ili ApoE ikae. Yenye kaboni 18 hung'ang'ania. Chembe zako zitadumu zaidi kwenye damu, lakini seli hazitazishika. Kupandisha PEG kutoka asilimia 1.5 hadi 5 ili upate chembe ndogo nzuri kwenye kipimo kuna gharama hiyo hiyo, na gharama haionekani mpaka ufike kwenye seli.

Aina ya seli nayo ina sauti yake. Seli za HeLa na za ini hupokea karibu chochote. Seli za T, neva, na seli zilizotoka mwilini moja kwa moja ni wagumu, na matokeo ya HeLa hayakupi ahadi yoyote kwao.

Zinang'aa vizuri, na jeni bado inaongea

Hapa ndipo wengi wanakwama, na kwa haki, maana hapa ndipo hata chembe bora kabisa hupoteza sehemu kubwa ya mzigo. Kuingia kwenye seli si kuingia kwenye saitoplazimu. Chembe inaingia ikiwa imefungiwa ndani ya kifuko, endosomu, kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini na mlango wa ndani ukafungwa. RISC iko upande wa pili wa mlango. Endosomu inazidi kuwa na asidi, inakomaa kuwa lisosomu, na huko mzigo unameng'enywa.

Tafiti mbili za mwaka 2013 zinastahili kukumbukwa kila unapotazama picha ya seli zinazong'aa. Moja ilikadiria kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya siRNA iliyoingia kwa chembe za lipidi hutoroka hadi saitoplazimu. Nyingine ilionyesha kuwa karibu asilimia 70 ya siRNA iliyoingia hutupwa tena nje ya seli, na kwamba seli zisizo na protini ya NPC1 huibakiza zaidi na kunyamazishwa vizuri zaidi. Kwa hiyo karibu kila unachokiona kwenye hadubini ni mzigo uliokwama au unaoelekea mlango wa kutokea. Mng'ao mkali unakuambia chembe zimeingia, basi.

Angalia namna ya mng'ao. Vidoa vidoa karibu na kiini ni endosomu na lisosomu. Ukungu ulioenea seli nzima unaweza kuwa mtoroko, lakini mara nyingi ni seli iliyokufa inayonyonya rangi kama sponji. Weka rangi ya kutambua wafu kabla ya kushangilia. Kumbuka pia kwamba Cy5 inaendelea kung'aa hata siRNA ikishavunjwa vipande. Unafuata rangi, na rangi inaweza kuwa imeshaachana na mzigo wake.

Ili kujua kama kizuizi ni mtoroko, kuna jaribio la bei nafuu: klorokwini, dawa ya zamani ya malaria. Inajikusanya kwenye endosomu, inazivimbisha na kuzidhoofisha. Iweke pamoja na chembe kwa saa chache, kiasi cha mikromola 50 hadi 100, kisha pima. Kama jeni iliyokuwa ikiongea sasa imenyamaza, umepata jibu: chembe zinaingia, siRNA ni nzima, kilichobaki ni mlango. Weka na kisima cha klorokwini peke yake, kwani nayo ina sumu. Jaribio la upande wa pili ni bafilomaisini A1, inayozuia endosomu kupata asidi. Chembe inayotegemea pH inapaswa kudhoofika ikiwepo. Isipodhoofika, chembe yako inapita njia nyingine, na maelezo yako kuhusu pH yanahitaji kuandikwa upya.

Wenye uwezo wa kutengeneza seli maalumu hutumia galektini 8 au 9 iliyounganishwa na protini ing'aayo. Utando wa endosomu ukichanika, galektini inakimbilia sukari zilizofunuliwa ndani yake na vidoa vinawaka. Ni kipimo cha jambo lenyewe, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko picha kumi za Cy5.

Kizuizi kikithibitika kuwa mlango, tazama pKa ya chembe, yaani pH ambapo nusu ya lipidi imepata chaji, ipimwe kwa rangi ya TNS kwenye bafa za pH tofauti. Chembe zenye nguvu zaidi kwenye ini la panya zilipatikana kati ya 6.2 na 6.5, MC3 iko 6.44. Sababu yake inaeleweka: kwenye damu, pH 7.4, lipidi haina chaji na haimsumbui mtu. Endosomu ikishuka chini ya 6.5, lipidi inapata chaji chanya, inashikana na lipidi zenye chaji hasi za utando wa endosomu, na jozi hizo zina umbo la koni ambalo haliwezi kukaa kwenye utando tambarare. Utando unakunjika na kupasuka. pKa ikiwa 5.5, chaji inachelewa hadi mzigo umefika lisosomu. Ikiwa 7.5, chembe ina chaji tayari kwenye damu na itagusa kila kitu njiani.

Lipidi saidizi nayo inaweza kubadilishwa. DOPE ina umbo la koni kwa asili na husaidia upasuaji huo, wakati DSPC huimarisha chembe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili lipidi mbili na uwiano wa PEG kwa pamoja na jeni ikanyamaza, utabaki umefurahi bila kujua kwa nini.

Na kabla ya haya yote, hakikisha dozi ni ile unayodhani. Nanomola 10 ya siRNA ni kama nanogramu 133 kwa mililita; kwenye kisima cha mikrolita 100 ni nanogramu 13. Nimewahi kukaa wiki mbili nikichunguza mtoroko wa chembe ambazo, kwa kosa langu la kuzimua, seli zilikuwa zinapewa sehemu moja ya kumi ya dozi. Chora mstari wa dozi sita kuliko kutegemea moja.

mRNA imeshuka, protini iko pale pale

Mara nyingi si tatizo. siRNA inakata ujumbe, haigusi protini iliyokwisha kutengenezwa. mRNA pima saa 24 hadi 48. Protini ngoja saa 72 au zaidi kama inadumu. Protini yenye nusu-uhai ya siku tatu haiwezi kutoweka kesho yake.

Kinyume chake, qPCR ikisema mRNA haijashuka, angalia praima zako, vile vipande vya DNA vinavyoamua qPCR inapima sehemu gani, zimekaa wapi. Kipande kilichokatwa hakitoweki papo hapo, na praima zilizo mbali na mahali pa kukatwa zinaweza kukihesabu kama ujumbe mzima. Ziweke zivuke mahali hapo. Na usisahau hesabu: tofauti ya mzunguko mmoja ni nusu, miwili ni robo iliyobaki. Tofauti ya 0.4 kati ya visima vyenye makosa ya 0.5 haisemi chochote.

Kila kitu kimezimika, hata kisima cha siRNA isiyolenga

Hii hupokelewa kwa furaha na watu wasiotazama safu ya vidhibiti kwenye jedwali. Chembe zinazoua seli zinazima jeni zote. Lipidi zenye chaji chanya ya kudumu kama DOTAP, na PEI hasa yenye molekuli kubwa, ndizo washukiwa wa kwanza. Chembe tupu zitakuambia. Mabaki ya ethanoli na sumu za bakteria kwenye maji au vyombo ni washukiwa wanaosahaulika.

Kama seli ziko hai lakini jeni nyingi zimebadilika, pima jeni zinazowashwa na interferoni (ishara ya kinga dhidi ya virusi), kwa mfano IFIT1. RNA yenye nyuzi mbili hutambuliwa na kipokezi cha kinga TLR3, na mifuatano fulani na TLR7 na TLR8, vyote vikiwa humo humo ndani ya endosomu ambamo chembe zako zinaipeleka. Kuweka 2'-O-methyl, badiliko dogo la kikemia, kwenye baadhi ya nyukleotidi hupunguza kelele hiyo sana.

Halafu kuna siRNA inayozima jeni isiyotumwa. Nyukleotidi ya 2 hadi ya 8 za uzi mwongozo (ule unaobaki ndani ya RISC) zinaweza kushika mRNA nyingine kama microRNA inavyofanya. Tumia angalau siRNA mbili zenye mifuatano tofauti kwa jeni moja, na dozi ya chini kabisa inayofanya kazi. Kidhibiti kizuri zaidi kuliko siRNA ya kubahatisha ni ile iliyobadilishwa besi 9, 10 na 11 tu: inabaki na mwanzo ule ule, lakini haiwezi kukata mlengwa. Athari ikibaki hata nayo, athari hiyo haikutoka kwenye jeni yako.

Wiki iliyopita zilifanya kazi

Pima tena ukubwa na kiasi kilichofungiwa kabla ya kila jaribio. MC3 ina minyororo yenye vifungo maradufu na huoza kwa oksijeni; chupa yake ya ethanoli ikae baridi, chini ya nitrojeni au agoni. Chembe zilizo tayari ziweke nyuzi 4. Ukizigandisha bila sukari zitapasuka. Sukrosi ya asilimia 8 hadi 10 huzilinda. Na usigandishe kwenye PBS, bafa ya chumvi na fosfeti: fosfeti ya sodiamu inaganda kwanza na pH inaporomoka, hadi RNA na lipidi zinakutana na asidi usiyoipanga. Bafa ya Tris ni salama zaidi. Chembe zikiwa sawa kabisa, hesabu seli zimepitishwa mara ngapi tangu zitoke kwenye nitrojeni. Seli zilizozeeka hazipokei kama zamani.

Kwenye sahani sawa, kwa panya hapana

Tarajia hivyo, na kinyume chake pia. Uhusiano kati ya seli za sahani na mnyama ni dhaifu kiasi kwamba wapo walioacha kuchuja lipidi kwenye sahani. Chembe za aina hii zikichomwa kwenye mshipa huenda kwenye ini. Ulichotaka kikiwa uvimbe wa mapafu au ubongo, usishangae kwamba ini ndilo lililonyamaza. Pima ini pia, ili ujue kama chembe zilifanya kazi mahali pasipotakiwa. Dozi ya kwanza ikifanya kazi na ya pili isifanye, chunguza kingamwili dhidi ya PEG, zinazofanya chembe ziondolewe kwenye damu kwa haraka. Mwili hauzipokei chembe hizi kimya kimya: wagonjwa wa patisiran hupewa kotikosteroidi, parasetamoli na dawa mbili za kuzuia histamini kabla ya kila dripu.

Kama mlengwa wako uko kwenye seli za ini, kuna swali ambalo mtengenezaji wa chembe halipendi: unaihitaji chembe? Givosiran, iliyoidhinishwa 2019, haina lipidi hata moja. siRNA yake imefungwa kwenye sukari ya GalNAc, inashikwa na kipokezi cha ASGPR kwenye seli za ini, na huchomwa chini ya ngozi. Haina PDI ya kupima, haina N/P ya kukosea, na haihitaji dripu. siRNA ya namna hiyo lazima iwe imebadilishwa kikemia karibu kila nyukleotidi ili idumu bila ganda. Ukiwa nayo tayari, ijaribu kando ya chembe zako kabla ya kutumia mwaka mwingine kurekebisha pKa.